Soma Sura Nzima

Mkristo aliyekulia Tanga hakuwa na njia ya kukwepa kuulizwa. Aliulizwa shuleni, sokoni, kwenye foleni ya maji, na mara nyingi aliulizwa na watu wanaompenda. Sisi tulikaa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, nyumba zimebanana, jirani wa kulia Mwislamu na wa kushoto Mwislamu. Idi tuliletewa biriani. Krismasi tulipeleka maandazi, na kuku tulimpa jirani achinje yeye ili wote tule. Hapo hapo kati ya sahani na sahani maswali yalipita bila chuki yoyote. Mungu anakuwaje na mwana? Mbona mnasali Jumapili na Yesu wenu alishika Sabato? Hicho kitabu chenu kilikusanywa lini, na nani aliwaruhusu?

Nilidhani Wakristo wote wanaishi hivyo. Nilipokwenda kusoma bara nikakutana na wenzangu waliotoka vijiji ambavyo karibu kila mtu amebatizwa, watu wa sala na kwaya, wenye imani nzuri kabisa, ambao hawakuwahi kuombwa kuieleza. Swali la kwanza la maana waliloulizwa chuoni liliwayumbisha kuliko lilivyostahili. Wengine walikasirika, wengine waliacha kanisa kimyakimya. Tangu hapo naamini kwamba kumnyima kijana maswali kabla hajaondoka nyumbani ni kumnyima chakula cha safari.

Mtume Petro aliwaandikia waumini waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, watu wachache kati ya majirani wengi wasioamini kama wao. Aliwaagiza wawe tayari siku zote kumjibu yeyote anayewauliza habari za tumaini lililo ndani yao, na wajibu kwa upole na kwa heshima. Andiko hilo la 1 Petro 3:15 huhubiriwa sana, lakini mara nyingi mhubiri huishia kwenye kujibu, na upole unabaki kwenye kitabu. Nimeona kinachotokea ukiachwa huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia ya 1990 mihadhara ya dini ilipamba moto katika miji yetu. Kanda za Ahmed Deedat wa Durban zilikuwa zimeshaenea, pamoja na ule mjadala wake wa 1986 na mhubiri Jimmy Swaggart kule Marekani, na wahadhiri wetu walijifunza mtindo wake na kuutia Kiswahili. Kwenye viwanja vya Tangamano ilisimamishwa meza, spika mbili na maikrofoni. Mhadhiri alikuwa na msomaji wake pembeni, ameshika Biblia. "Fungua Yohana 17, aya ya 3. Soma!" Msomaji anasoma kwamba uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu aliyetumwa. "Rudia! Aliyetumwa na nani?" Umati unajibu. "Anayetumwa na anayetuma ni mmoja?" Umati unacheka, na Wakristo waliosimama nyuma wanatazama chini.

Majibu ya upande wetu hayakuwa bora. Wakatokea wahubiri wenye Kurani iliyotafsiriwa, nao wakasimamisha meza na spika zao. Walisoma Sura ya 4, aya ya 171, mahali Isa anapoitwa neno la Mungu na roho itokayo kwake, wakakata hapo hapo, wakashangiliwa. Aya hiyo hiyo inaendelea kuwakataza watu wasiseme "watatu". Hilo hawakulisoma. Kila upande ulikuwa unamkata mwenzake ulimi katikati ya sentensi.

Aliyetuokoa na mambo hayo ni katekista wa kanisa letu la Anglikana, mzee mwembamba aliyelelewa na misheni ya Magila, kule Muheza. Jumamosi jioni alitukusanya sakristia, vijana wa kipaimara na waliokwisha kupata, chini ya taa ya karabai umeme ulipokatika. Tulitegemea atatupa orodha ya aya za kujibu. Alitupa Injili ya Marko, yote, tuisome kwa sauti kwa kupokezana, bila kusimama kueleza. Inachukua kama saa moja na nusu. Tulipomaliza aliuliza: "Sasa niambieni, mtu huyu ni nani kwa mujibu wa kitabu hiki?" Akakaa kimya mpaka mmoja wetu akaanza kusema.

Sheria yake ilikuwa moja: usijibu kwa aya ambayo sura yake hujaisoma. Tukamletea Marko 10:18, ile aya maarufu mihadharani, Yesu anapomuuliza yule tajiri kwa nini anamwita mwema wakati mwema ni Mungu peke yake. Hakutupa jibu. Alituambia turudi sura ya 2, Yesu anapomsamehe aliyepooza dhambi zake na waandishi wakanung'unika kwamba ni nani awezaye kusamehe isipokuwa Mungu. Kisha twende sura ya 14, mbele ya Kuhani Mkuu, anapoulizwa kama yeye ndiye Mwana, anakiri, na Kuhani anararua mavazi yake. Basi Marko aliyeandika sura ya 10 ndiye aliyeandika pia sura ya 2 na ya 14, na ukitaka kujua maana ya swali lile kwa tajiri huna budi kumsikiliza Marko mpaka mwisho. Na Yohana 17? Aya mbili tu chini ya ile iliyosomwa Tangamano, Yesu anamwomba Baba amrudishie utukufu aliokuwa nao kwake kabla ulimwengu haujakuwako. Ningefurahi kama msomaji yule angeruhusiwa aya mbili zaidi.

Lakini kubwa alilotufanyia katekista lilikuwa nje ya sakristia. Jirani yake alikuwa mwalimu wa madrasa. Kila alfajiri walisalimiana barazani, mmoja akienda msikitini, mwingine akienda kugonga kengele. Jioni moja alituchukua mpaka kwa jirani huyo. Palikuwa na kahawa chungu kwenye dele na kashata kwenye sinia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Katekista akasema, "Maalim, hawa vijana wangu wamekuja kukueleza wewe unaamini nini. Wakikosea, wasahihishe."

Mzee akacheka kwa furaha. Binti mmoja katika sisi akaanza kwa ujasiri kwamba Waislamu hawamwamini Yesu. Maalim akainua mkono. "Hapo umeshanitoa katika dini yangu, mwanangu. Mimi nisipomwamini Nabii Isa, si Mwislamu." Akatueleza kwa utaratibu kwamba Isa alizaliwa na bikira, na Sura ya 19 ina jina la mama yake, kwamba alifanya miujiza kwa idhini ya Mungu, kwamba atarudi. Kisha akasema asichokubali: kwamba Isa ni Mungu, na kwamba alisulubiwa, maana Sura ya 4, aya ya 157, inakana kusulubiwa kwake. Alikuwa na sauti ya mtu anayewaonyesha wageni nyumba yake, chumba kwa chumba.

Ndipo katekista akageuza. "Haya, Maalim, sasa na wewe tueleze sisi tunaamini nini tunaposema Utatu."

Maalim hakusita. "Mungu, Mariamu na Isa."

"Hapana, ndugu yangu. Mama Mariamu tunamheshimu mno, lakini huko hayumo." Akatoa kitabu cha sala mfukoni mwa koti, akamsomea Imani ya Nikea, ile tunayoikiri kila Jumapili misani. Alisoma polepole, na pale inapokiri kwamba Mwana amezaliwa na Baba akasimama kueleza kwamba hakuna Mkristo anayedai Mungu ana mke, wala kwamba Mwana alianza kuwapo siku fulani. Maalim akamwomba arudie. Akasikiliza hadi mwisho, akakoroga kahawa yake kwa muda.

"Bado nasema mmekosea," akasema. "Lakini leo ndiyo kwanza nakosoa mnachokisema wenyewe."

Sijapata kusikia, kanisani wala chuoni, maneno yanayoeleza vizuri zaidi kazi ya mtu anayetetea imani yake. Mwenzako akikataa, akatae kile unachokiamini kweli, siyo kinyago ulichokiacha mlangoni kwa uzembe wa maelezo.

Kuhusu Utatu katekista alitukataza mifano miwili ambayo naisikia mpaka leo kwenye semina za vijana: yai na maji. Yai lina ganda, ute na kiini, lakini ganda peke yake si yai, na sisi hatusemi kwamba Mwana ni theluthi ya Mungu. Maji huwa barafu, huwa mvuke, lakini yanabadilika sura kwa zamu, na hayo ndiyo mafundisho ya Sabelio yaliyokataliwa na kanisa tangu karne ya tatu. Mtu anadhani amerahisisha, kumbe amefundisha uzushi wa zamani kwa mdomo wa siku hizi. Na Mwislamu mwenye akili analiona pengo mara moja.

Njia ya katekista, ambayo nami naifuata, ilikuwa kuanza na wale watu wenyewe. Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi. Walilelewa wakikiri, kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba Bwana ni mmoja. Hawakuwa watu wa kuongeza miungu. Baba zao walikufa kwa kukataa jambo hilo. Lakini ndani ya miaka michache tunawakuta wakiomba kwa jina la Yesu, wakimwita Bwana. Katika 1 Wakorintho 8:6 Paulo anachukua lile ungamo la Mungu mmoja na ndani yake anamtaja Baba, na anamtaja Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Hakuacha kuamini Mungu mmoja. Alikutana na jambo lililomlazimisha kusema zaidi kuhusu Mungu huyo mmoja. Maneno ya Nikea, mwaka 325, yalikuja kulinda kile ambacho Wakristo walikuwa wamekwisha kukifanya magotini kwa vizazi vingi. Ukianza hapo, mwenzako anaweza asikubali, ila ataona kwamba hukuota.

Nikiwa tayari mwalimu wa sekondari niliendelea kusoma, maana swali la kitabu halikuniacha. Husemwa sana kwamba Mtaguso wa Nikea ndio uliochagua vitabu vya Biblia na kuchoma vingine. Lakini mtaguso ule ulijadili mafundisho ya Ario, aliyesema Mwana aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo, tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, na wakati huo vingi kati ya vitabu hivyo vilikuwa vimesomwa makanisani kwa zaidi ya karne mbili. Manchester, kwenye maktaba ya John Rylands, kipo kipande cha mafunjo kisichozidi kiganja cha mkono, chenye mistari ya Yohana 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato. Wataalamu wengi wamekiweka katika karne ya pili.

Vijana wakisikia hayo huchangamka na kutaka kukimbia nayo barabarani. Nawazuia kidogo, nawaonyesha na upande mwingine. Aya za mwisho za Marko, kuanzia 16:9, hazimo katika baadhi ya nakala kongwe kabisa. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, mwanzoni mwa Yohana 8, ni vivyo hivyo. Maneno ya 1 Yohana 5:7 kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni hayamo katika nakala za zamani za Kigiriki, na anayeyatumia kutetea Utatu anaegemea ukuta uliooza. Ni afadhali kijana asikie hayo kwangu, pamoja na maelezo kwamba tunayajua kwa sababu nakala ni nyingi na zinaweza kulinganishwa, kuliko ayasikie kwa mara ya kwanza kwa mtu anayetaka kumwaibisha. Anayeficha udhaifu wa hoja yake haitetei imani, anaiwekea deni.

Ipo hoja nyingine ya historia ninayoipenda, nayo ni ya msalaba. Tasito, mwandishi wa Kirumi wa mwanzo wa karne ya pili, akisimulia moto wa Roma wa mwaka 64, anaeleza kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Tiberio. Tasito aliwadharau Wakristo. Hakuwa na sababu ya kuwapendelea. Na kabla yake Paulo, katika sura ya 15 ya 1 Wakorintho, barua ya miaka ya 50, anasema amewapasha watu habari aliyoipokea yeye mwenyewe: kufa, kuzikwa, kufufuka, na orodha ya waliomwona, wakiwamo zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai. Habari hiyo ni kongwe kuliko barua iliyoibeba.

Kwa muda mrefu niliyaona mambo hayo kuwa silaha za mjadala. Kazi yake hasa niliijua kwa mama mmoja wa jumuiya yetu aliyefiwa na mwanawe, kijana wa kidato cha nne. Msibani alisikia yote tunayoyasema tukikosa la kusema: ni mapenzi ya Mungu, Mungu amempenda zaidi, kazi yake haina makosa. Sisi tuliokuwa karibu naye tulikaa kwenye jamvi, tukapika, tukafua, tukanyamaza. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vyema zile siku saba walizokaa chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua kinywa.

Lakini huwa najibizana na wanaosema kwamba mbele ya msiba jibu pekee ni ukimya. Baada ya arobaini yule mama alikuja kwangu mwenyewe, mchana, amevaa kanga yake nyeusi. "Mwalimu, mlinyamaza, na nilishukuru. Sasa nataka mnijibu. Mwanangu yuko wapi, na mnajuaje?"

Angenyimwa jibu hapo, ingekuwa kumdharau. Nilimwambia kwamba sijui kwa nini amefariki, na kwamba Biblia haikuniahidi kujua. Tukasoma Yohana 11, Yesu akimlilia Lazaro ingawa alikuwa akijua atakalotenda. Halafu mama akarudi kwenye neno lake la pili, mnajuaje, na hilo halikuwa swali la kufarijiwa, lilikuwa swali la ukweli. Nikamsimulia Tasito, nikamsimulia Wakorintho na wale 500, kama nilivyozoea kuwasimulia wanafunzi, ila safari hii kila jina lilikuwa na uzito wake, maana aliyekuwa akiuliza alikuwa na kaburi. Paulo mwenyewe anasema Kristo asipofufuka imani yetu ni bure. Mama yule aliielewa sentensi hiyo haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Aliniuliza maswali magumu mpaka adhana ya alasiri, na kesho yake akaja na mengine.

Vijana ninaokutana nao sasa kanisani baada ya misa wanaulizwa mambo ambayo katekista wangu hakuyasikia sana. Kubwa ni hili: Ukristo ni dini ya wazungu, mmeletewa pamoja na bendera. Wapo wamisionari waliotembea sambamba na bendera, na hilo tulikiri. Lakini mfalme Ezana wa Aksum alitia msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya nne, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini haijasikia jina la Yesu. Askofu wake Frumentio aliwekewa mikono na yule yule Athanasio wa Aleksandria. Perpetua na Felista walikufa kwa ajili ya imani Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Na katika pwani yetu hii, John Swedi, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyetoka utumwani vilevile, akawa kasisi mwaka 1890, naye aliwahubiria Wayao kusini. Hao hawakutumwa na bendera yoyote. Walikuwa na kila sababu ya kuichukia dini ya wenye nguvu, nao wakamfuata aliyesulubiwa na wenye nguvu.

Mwaka juzi mmoja wa vijana hao alirudi likizo kutoka chuo kikuu akiwa amevunjika moyo. Alikaa usiku kucha na mwenzake wa bwenini, Mwislamu mwenye bidii, wakaongea vizuri, kwa heshima, hoja kwa hoja. Mwenzake hakubadilika hata kidogo. "Nimejiandaa miaka yote hii," aliniambia, "halafu nini?"

Tulifungua Matendo 17, Paulo akiwa Athene. Alijiandaa vizuri kuliko sisi sote. Aliwajua hata washairi wao. Alipotaja ufufuo wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine, na wachache wakaamini, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Luka anayaandika makundi yote matatu na kuendelea na safari, bila kumlaumu Paulo. Nikamuuliza kijana mwenzake yuko katika kundi lipi. Akafikiri, akasema alipoondoka mwenzake alimwomba amletee hiyo Injili ya Marko aisome yote. Tulikuwa na nakala kadhaa ndogo kwenye kabati la sakristia. Akachukua mbili, moja ya kwake, maana walikubaliana kuisoma pamoja Ijumaa, baada ya swala.